Nani Anastahili Kuwa Jaji wa Mahakama ya Katiba?

Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 haimtaki jaji wa Mahakama ya Katiba, chombo cha majaji 11 kinachoketi Braamfontein, Johannesburg, awe ametimiza idadi yoyote ya miaka katika uwakili au ujaji. Ibara ya 174 inadai awe na ujuzi ufaao, awe mwadilifu anayestahili dhamana hiyo, na awe raia. Pia inaagiza kwamba wakati wote wasiopungua 4 kati yao wawe watu waliokuwa tayari majaji walipoteuliwa, na kwamba uwiano wa rangi na jinsia katika jamii uzingatiwe. Kenya, kwa upande wake, inataka uzoefu wa miaka 15 kwa majaji wa Mahakama ya Juu.

Uwazi huo una historia. Mwaka 1994 majaji waliorithiwa kutoka enzi ya ubaguzi wa rangi walikuwa karibu wote wanaume weupe, na kushikilia uzoefu wa ujaji kungewarudisha walewale. Ndiyo maana Arthur Chaskalson, wakili mashuhuri wa haki za binadamu, alikabidhiwa uongozi wa mahakama hiyo mpya, huku Yvonne Mokgoro na Kate O'Regan wakitoka vyuo vikuu, O'Regan akiwa na umri wa miaka 37 tu. Juni 1995 majaji hao walibatilisha adhabu ya kifo kwa kauli moja, na hukumu hiyo ni jibu tosha kwa wanaodhani kwamba busara ya sheria hupatikana kwa kukaa kitini miaka mingi.

Hata hivyo, sifa zisipopimwa kwa miaka, uzito wote huhamia kwenye usaili wa Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo huandaa orodha yenye majina 3 zaidi ya nafasi zilizo wazi ili Rais achague, na ambayo miongoni mwa wajumbe wake 23 wamo wabunge 6 na wajumbe 4 wa baraza la mikoa. Hatari yake ilionekana Aprili 2021, pale usaili uliposhutumiwa kwa maswali ya kisiasa kiasi kwamba asasi ya kiraia iitwayo Casac ilikwenda mahakamani, na Tume ikakubali kuurudia Oktoba.

Kuongeza sharti la miaka hakutaponya kasoro hiyo, kwa kuwa kutawafungia mlango akina O'Regan wa kesho bila kumzuia mwanasiasa kuuliza asichopaswa kuuliza. Kinachotakiwa ni Tume kumpima kila mwombaji kwa maandishi yake ya kisheria na uadilifu wake, kisha kutangaza kwa maandishi sababu za kumpendekeza au kumwacha.