Ndani au Nje ya Mpaka: Nani Ameshika Ramani?

Makamanda, leo tuongee ramani. Msikimbie, hii ni siasa kabisa.

Agosti 2017 maboma ya Wamasai yalichomwa moto Loliondo. Vijiji vinne, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vikaishtaki Serikali kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha. Serikali ikasema watu hao walikuwa ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Wanakijiji wakasema walikuwa kwenye ardhi yao. Swali likawa moja: boma lilikuwa ndani ya mpaka au nje?

Kompyuta inajibu swali hilo fasta. Inachukua nukta ya boma, inapiga mstari mnyoofu kutoka hapo kwenda mbali, kisha inahesabu mstari umekata mpaka mara ngapi. Ikiwa namba witiri, boma liko ndani. Ikiwa shufwa au sifuri, liko nje. Hata mtoto wa shule ya msingi anaweza, kwa rula na penseli.

Kwa hiyo shida siyo hesabu. Shida ni nani kachora mpaka, na vipimo vyake viko wapi. Ramani zetu za zamani zinatumia mfumo wa Arc 1960. GPS ya simu yako inatumia WGS 84. Ukichanganya hiyo miwili bila kubadilisha namba, nukta inahama karibu mita 300. Boma zima linahama na hakuna ng'ombe aliyetembea!

Septemba 2022 mahakama iliitupa kesi: wanakijiji hawakuthibitisha kuwa tukio lilifanyika kwenye ardhi yao. Novemba 2023 Divisheni ya Rufaa ikatengua hukumu hiyo na kuagiza kesi isikilizwe upya.

Darasani tunafundishwa kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. Sawa. Lakini mfugaji atathibitishaje kama vipimo vya mpaka vimefungiwa kwenye kabati la ofisi?

Dai letu liwe hili: vipimo vya mipaka ya kila hifadhi, kijiji na kata viwekwe mtandaoni, bure, pamoja na mfumo uliotumika kupimia. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Tuitumie, tuandike barua.

Na wewe mwenye simu, usisubiri. Washa lokesheni, piga picha boma, kisima, kaburi la babu, na utunze tarehe. Siku ya kesi, mdomo peke yake hautatosha.