Chuo Kizuri kwa Mtoto wa Jirani

Hakuna mtu katika wilaya yetu ya Rubavu, Rwanda, atakayesimama hadharani akakisema vibaya chuo cha ufundi. Maliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, watu wakae chini wasikilize viongozi, kisha uliza: je, elimu ya ufundi ni nzuri? Utapigiwa makofi. Utaambiwa kwamba ufundi ni uti wa mgongo wa nchi, kwamba vijana wajiajiri, kwamba mikono yenye kazi haina nafasi ya kuiba. Lakini subiri matokeo ya mtihani yatoke. Baba yule yule aliyepiga makofi hadi viganja vikamwasha yuko tayari kuuza mbuzi wa mwisho, mradi mwanawe asionekane amekwenda “kusoma imyuga”, yaani ufundi. Mama yule yule aliyeitikia kwa vigelegele humnong’oneza shoga yake kwamba mtoto wa fulani kichwa kilikuwa kizito, ndiyo maana wamempeleka kushika nyundo. Kumbe chuo ni kizuri, tena kizuri mno, kwa mtoto wa jirani! Ndimi mbili hizi, moja ya mkutanoni na nyingine ya sebuleni, ndizo zilizonikalia rohoni, na leo sitazinyamazia.

Sitapoteza wino kuthibitisha kwamba kazi ya mikono ni heshima. Tunaomcha Mungu, msikitini na kanisani, tunalijua hilo tangu utotoni. Nuhu hakuokoa watu kwa hotuba, alichonga mbao. Daudi, pamoja na ufalme wake, alisifiwa kwa kufua chuma. Yusufu wa Nazareti alikuwa seremala, na hakuna Mkristo aonaye haya kumtaja. Kama Mwenyezi Mungu hakuwadharau mafundi, sisi tuliozaliwa jana tumepata wapi kiburi hiki? Kazi mbi si mchezo mwema, walisema wazee, na hawakukosea.

Tazameni tulipo. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta wilaya hii ikiwa na watu zaidi ya laki tano. Tuna kiwanda cha bia kilichosimama Gisenyi tangu 1957. Tuna kiwanda cha majani ya chai pale Pfunda. Tuna hoteli zilizojipanga ufukweni mwa Ziwa Kivu, na kutoka tumbo la ziwa hilo hilo inavutwa gesi ya methani inayoendesha mtambo wa umeme wa megawati 56. Mitambo hii haiendeshwi kwa ufasaha wa maneno. Inataka fundi umeme, fundi bomba, mchomeleaji na mpishi. Tena Mungu ametuonya mara mbili ndani ya miaka miwili. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, ardhi ikatetemeka siku kadhaa, nyumba na barabara za mji zikapasuka. Mei 2023 mto Sebeya ukafurika usiku, ukabomoa makao ya watu. Asubuhi ya misiba hiyo hakuna aliyekimbia mitaani akimtafuta mwenye shahada ya utawala. Watu walitafuta mwashi anayejua kuunga nguzo na fundi anayejua kurudisha maji. Penye miti hapana wajenzi: mahitaji yamejaa mlangoni, nasi tunawakataza watoto wetu kuyashika.

Hata hivyo nisiwaonee wazazi, maana dharau hii ina kitovu chake. Mageuzi ya elimu ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yalileta vituo vilivyoitwa CERAI, vya kuwafundisha kilimo na ufundi watoto waliomaliza shule ya msingi wakakosa nafasi ya sekondari. Nia ilikuwa njema. Lakini kijiji kikajifunza somo jingine kabisa: anayeshinda huenda sekondari, anayeshindwa huenda kushika randa. Vituo vile vikaondoka, jina la aibu likabaki, na aliyekuwa mtoto siku zile leo ni babu anayemshauri mjukuu. Serikali imejenga mengine juu ya magofu yale. Mwaka 2017 iliundwa Rwanda Polytechnic, ikavikusanya vyuo vya kiufundi vya nchi, vikiwamo vya Karongi na Musanze ambavyo ndivyo vilivyo karibu nasi. Mwaka 2020 ikaundwa bodi ya taifa ya mafunzo ya ufundi. Na mpango wa maendeleo ulilenga kwamba kufikia 2024 wanafunzi 60 katika kila 100 wawe wanakwenda njia hiyo. Sheria, majengo na malengo vyote vimebadilika. Je, sebule zimebadilika? Hapo ndipo penye hoja yangu, kwa sababu jibu la swali hilo halipatikani kwa kukisia. Hupatikana kwa kupima.

Na kupima kwenyewe tunakupima vipi? Aghalabu chuo kikitaka kujua wananchi wanakionaje, husubiri siku ya maonyesho, siku lango limepakwa rangi na wageni wamekuja kwa hiari yao. Mtu aliyekuja sherehe kwako atakwambia nini, ila kwamba sherehe imefana? Au hutumwa kijana mwenye fomu, akafuatana na mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, nyumba hadi nyumba. Mnyarwanda ni mtu wa adabu. Mgeni akiandamana na kiongozi, hatamwambia lenye kuchoma. Atasema “ni kizuri”, atamkaribisha kiti, na fomu itajaa sifa. Tena nyingine huandikwa Kiingereza, katika mji ambao muuza samaki wa sambaza, dereva wa pikipiki na mama anayevuka mpaka wa Kongo na kikapu chake huishi kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017. Kama kinafaa kumuuzia mtu nyanya, kwa nini kisifae kumuulizia maoni yake? Kipimo cha namna hiyo ni sawa na mfanyabiashara anayejipimia mali yake kwa jiwe lililopunguzwa halafu akashangaa faida haionekani. Amemwibia nani, kama si yeye mwenyewe?

Kipimo cha haki hakihitaji miujiza. Kwanza, nyumba zichaguliwe kwa kura, za Nyamyumba na Bugeshi zipate nafasi sawa na za mjini, na muulizaji asiwe mtu wa chuo wala asiandamane na kiongozi. Pili, kila anayetoa maoni aulizwe kwanza ameyapata wapi: umewahi kuingia chuoni? Umewahi kufanyiwa kazi na aliyehitimu pale? Au umesikia kwa kinyozi? Maoni ya aliyeona na ya aliyesikia yasitiwe kapu moja, maana ya kwanza ni ushahidi na ya pili ni uvumi, ingawa yote mawili yana nguvu ya kumwelekeza mtoto. Tatu, na hili ndilo kubwa, swali lisiwe “je, ufundi una faida kwa nchi?” Swali hilo huzaa makofi tu. Swali liwe: “Mwanao wa kwanza, mwenye alama nzuri, ungempeleka?” Liulizwe pia kwa binti, si kwa mvulana peke yake. Tajiri wa gereji naye asiulizwe kama vijana wa chuo ni wazuri. Aulizwe kama akipata nafasi kesho atamwajiri mwingine kutoka pale pale. Tofauti kati ya jibu la nchi na jibu la mwanao ndiyo urefu halisi wa dharau yetu. Pimeni tofauti hiyo kila baada ya miaka miwili, muone kama inapungua. Njia ya kumuuliza raia si ngeni kwetu: bodi ya utawala ya taifa imekuwa ikikusanya maoni ya wananchi kuhusu huduma tangu 2010. Kinachopungua ni chuo chenyewe kuona haja ya kufanya vivyo hivyo.

Najua nitakaojibizana nao. Wa kwanza atasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, chuo kifundishe vizuri, mengine yatajileta. Neno hilo ni la hekima, nami nalikubali nusu. Mfano tunao hapa hapa Nyundo. Shule ya sanaa iliyoanzishwa pale mwaka 1952 ilifundisha watu kuchora na kuchonga kwa miongo mingi. Na mwaka 2014 ilipofunguliwa Nyundo shule ya muziki, ya kwanza ya aina yake nchini, wangapi walicheka kwamba serikali imeanza kufundisha watu kuimba? Vicheko vilizimwa na vyombo. Watu waliwasikia vijana jukwaani, wakaacha kuuliza maswali. Shule ile baadaye ikahamia Muhanga, na leo mji unaitaja kwa fahari kama mama anayemtaja mwana aliyeolewa mbali. Kinyarwanda kinasema, “Kora ndebe iruta vuga numve”: tenda nione kunashinda sema nisikie. Lakini mwanamuziki huonekana jukwaani. Fundi bomba hujificha ndani ya ukuta. Kazi yake ikiwa njema haionekani kabisa, na ikiwa mbovu huonekana na mtaa mzima. Bidhaa ya namna hiyo haijiuzi yenyewe. Ndiyo maana chuo kinapaswa kwenda kuuliza nani amekiona na nani hajakiona.

Wa pili atasema: wananchi hawajui lolote kuhusu mitaala, maoni yao ya nini? Ndugu yangu, mgonjwa naye hajui dawa, lakini daktari asiyemuuliza panapouma ni mganga wa kubahatisha. Ikiwa watu hawajui, basi kutojua kwao ndiyo habari yenyewe ambayo chuo kinaihitaji. Na ikiwa wanajua, ikiwa wanasema mashine ni chache na vijana wanahitimu bila kuzigusa, hapo chuo kisikasirike. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nasema haya kwa wakuu wa vyuo kwa heshima, maana wengi wao ni watu wa kujitolea wanaofanya makubwa kwa kidogo: msiogope kioo. Matokeo yakiwa machungu, yabandikeni langoni, mwandike chini yake mtakalolirekebisha. Mzazi atamwamini zaidi anayekiri upungufu mmoja kuliko anayejisifu mara mia.

Majirani zetu wametufundisha pia kwamba maoni ya watu hayakai mdomoni tu. Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wananchi walichanga kwa harambee kujenga vyuo vya teknolojia vya maeneo yao, na baadhi ya vyuo hivyo vimekua hadi kuwa vyuo vikuu. Tanzania ilianzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi mwaka 1975, kwa mfano uliochukuliwa Uswidi, ili mtu mzima wa kijijini apate ujuzi. Anayetoa shilingi yake kujenga darasa amekwisha kujibu dodoso. Basi sisi nasi tupimane hivyo: nani amempa kijana wa chuo nafasi ya kujifunzia kazi katika duka lake? Nani amemlipa fundi aliyesoma bei inayomstahili, badala ya kumwita wa rahisi kisha kulalamika paa linavuja?

Na hapa kalamu inanivuta pembeni, mnisamehe. Tumefikaje mahali ambapo mtoto wa miaka sita, aliyemaliza shule ya chekechea, anavalishwa joho na kofia ya pembe nne, anakatiwa keki, anapigwa picha, na wazazi wanachangishana kana kwamba amerudi na udaktari? Mtoto huyo hajajua kufunga kamba za viatu, na tayari tumemfundisha kwamba elimu ni vazi! Akikua akamwona kaka yake ametoka chuoni na ovaroli lenye madoa ya oili, atamwona kama aliyeanguka. Sherehe ni njema, sisemi tusifurahi. Lakini joho lisilo na jasho ni gunia lenye mshono mzuri. Laiti fedha ya keki hizo ingenunua misumeno na vipima umeme, tungekuwa na vyuo vya kuonewa wivu ng’ambo ya mpaka.

Nirudi kwenye njia. Watu wa Rubavu, nyinyi si watu wa kufundishwa bidii. Mji huu umejengwa na wanaoamka alfajiri kuvuka mpaka, na wavuvi wanaolala juu ya maji. Mmetikiswa na volkano mkajenga tena. Anayejua kazi kama nyinyi hafai kuionea haya. Sikuombi umpeleke mwanao mahali usipopaamini. Mtoto si sadaka ya kuonyesha uzalendo. Nakuomba kitu kidogo kuliko hicho, nacho ni kigumu zaidi: acha ulimi wa pili. Siku muulizaji wa kweli atakapobisha hodi, asiye na kiongozi ubavuni wala fomu ya lugha ya ugenini, usimpe jibu la mkutanoni. Mpe lile lile utakalompa mwanao jioni, taa ikiwa imewashwa na majirani wamelala, akikuuliza: baba, mwakani niende wapi?