Chemchemi za Eliye ni za Nani?

Wako wasemao, ewe msomaji, kwamba mahali pa kupumzikia ni anasa ya miji mikubwa, na mtoto wa Lodwar au Kakuma atosheke na vumbi. Hayo nayakataa. Huko Eliye Springs maji matamu hububujika chini ya mikoma, kando ya Ziwa Turkana lenye maji ya magadi. Ziwani kipo Kisiwa cha Kati, hifadhi ya taifa, kilichotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997. Wageni huvuka bahari kukitazama. Je, wewe umekiona? Fedha za safari hakuna, twaambiwa. (Za mikutano hazikosekani.) Basi vichimbwe vyoo, ipandwe mikoma, njia ya mchungaji na mbuzi wake isizibwe, na kiingilio alipe mgeni, si mtoto aliyezaliwa hapo.