Matusi Katika Kikundi

Wiki hii tuongee juu ya matusi ya WhatsApp. Katika kikundi chetu mama mmoja aliweka picha ya beseni lake la sambaza za kuuza. Namba tusiyoijua ikaandika kwamba mtaji aliupata kwa wanaume. Tulikosea hapo: wengi wetu tulimjibu yule mtukanaji mpaka usiku (ndicho alichotaka), na hakuna hata mmoja aliyempigia mama simu. Asubuhi alikuwa ametoka kikundini, na zamu yake ya likelemba ilikuwa imekaribia.

Sasa tumebadili. Kwanza tunapiga picha ya skrini, maana Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ya mwaka 2023, inaadhibu kumsumbua mtu kwa njia hiyo. Kisha msimamizi wa kikundi anashikilia kidole juu ya tusi, analifuta kwa wote, na kuiondoa ile namba. Wengine tunanyamaza. Wawili wanaenda kwake nyumbani siku ileile.

Kwa mama wa sambaza tulichelewa kwenda. Alitupokea vizuri, likelemba yake alipewa mkononi. Kikundini bado hajarudi.