Jina la Mwalimu na la Mkalimani

Mwaka 1847 Harriet Bishop aliwasili St. Paul, Minnesota, wakati huo makazi machanga ya mpakani nchini Marekani, akafungua shule katika kibanda kilichokuwa cha mhunzi. Wengi wa wanafunzi wake hawakujua Kiingereza; lugha zao zilikuwa Kifaransa na Kidakota. Mwanafunzi mmoja mkubwa akawa mkalimani wake.

Leo bustani ya umma kando ya mto Mississippi, Harriet Island, inamuenzi mwalimu huyo. Ni heshima anayoistahili. Lakini jina hilo halimtaji mkalimani.

Mwalimu hafundishi peke yake. Wanaojenga kumbukumbu za walimu hawana budi kuwaandika pia waliowafungulia njia, tena mapema, wangali hai.