Jenga Mashine Yako Mwenyewe, Lakini Kumbuka Vidole Havina Spea

Wasee, kuna uongo mmoja tunaambiana kila siku: eti huwezi kuanza kazi ya mikono mpaka upate doh ya mashine. Mimi napinga. Na nitapinga kwa mfano ambao pengine hujawahi kuufikiria: mashine ya kusaga mbao za kutengeneza upinde. Ndio, upinde na mishale, ule mchezo wa shabaha.

Upinde mwingi wa siku hizi hauchongwi kwa kipande kimoja cha mti. Unabandikwa. Unachukua vipande virefu vyembamba vya mbao au mianzi, pengine uweke faibaglasi juu na chini, halafu unaunganisha na gundi ya epoksi. Shida ni unene. Ile hesabu ya kipeo cha tatu uliyouliza mwalimu itakusaidia wapi, inakusaidia hapa. Mkono wa upinde wa milimita 6 ukiusaga hadi 5.4, umetoa asilimia 10 tu ya unene, lakini ugumu wake umeshuka kwa karibu asilimia 27. Kama mkono wa pili haujaguswa, upinde utapinda upande mmoja na kuvunjika ni suala la muda. Ndio maana watu hutafuta mashine.

Najua kuna mtu atasema wazee walitengeneza bila stima. Kweli kabisa. Waata wa kule Tsavo walikuwa na pinde za kuvuta kwa nguvu ya zaidi ya pauni 100, na walizitumia kuwinda ndovu. Lakini wao walirithi ujuzi, na waliujua kila mti kwa jina. Sisi wa mtaani tuna mabaki ya mbao za Gikomba na video za kwa simu. Na kabla mtu aanze mawazo: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Hapa tunaongea shabaha tu.

Sasa mashine yenyewe. Ukiiangalia vizuri, ni pipa dogo linalozunguka likiwa limevalishwa msasa, na meza chini yake. Basi. Pipa unakata duara za plaiwudi, unazigundisha pamoja kwenye shafti, halafu shafti inakaa kwa beringi mbili. Likianza kuzunguka, unalinyoosha kwa ubao ulionyooka uliobandikwa msasa mpaka liwe duara kamili. Meza unaifunga bawaba upande mmoja na bolti upande wa pili. Bolti ya milimita 8 ya kawaida inapanda milimita 1.25 kwa kila mzunguko. Kama pipa liko katikati ya bawaba na bolti, meza pale chini ya pipa inapanda nusu ya hiyo. Robo mzunguko ni kama milimita 0.16. Hicho ni kipimo safi, na umekipata kwa bolti ya hadwea.

Mota ndio itakula pesa nyingi. Soma kile kibati chake kabla ulipe. Mota nyingi za pampu ya maji huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, na hiyo kasi itachoma mbao na kuziba msasa. Weka puli ya inchi 2 kwa mota na ya inchi 4 kwa pipa, kasi inashuka nusu. Na ukinunua vyuma kuukuu, nunua kwa mtu mwenye leseni na uitishe risiti. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 iko, na mnakumbuka Januari 2022 biashara yote ilisimamishwa baada ya milingoti ya stima kuharibiwa. Bei ya chini sana huwa na mwenyewe anayelia mahali.

Sasa nifike penye najua tutakosana. Tumezoea kusifu kila video ya kijana aliyefunga jiwe la kusaga kwa mota iliyo uchi, bila kifuniko, mkanda unapiga kelele karibu na shati lake, nyaya zimeunganishwa kwa selotepu. Tunaweka moto kumi na kuandika "talanta". Hiyo si talanta, hiyo ni ajali inangojea siku yake. Na anayeumia huwa si sisi tuliopiga laiki. Ni yeye, na kazi yake ni ya vidole.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: bana matumizi kila mahali isipokuwa sehemu nne. Kifuniko cha mkanda na pipa, hata kama ni cha mbao. Waya wa ethi kwa kila chuma, na swichi unayoifikia bila kuinama juu ya mashine. Barakoa nzuri na miwani, kwa sababu vumbi la faibaglasi halina mchezo na mapafu. Na ya nne ni bure kabisa: ingiza ubao ukipingana na mzunguko wa pipa. Ukiuingiza ukifuata mzunguko, pipa litaunyakua na kuurusha kama mshale, na wewe hukukusudia kulenga mtu.

Mimi niliacha chuo, na watu wengi huniuliza kama nilipoteza. Hilo waache waendelee kujadili. Ninachojua ni kwamba mtu aliyenunua mashine dukani, ikizima, anatafuta fundi. Aliyeijenga anajua ni beringi gani imeanza kulia kabla izime. Huo ujuzi hauandikwi kwa cheti, lakini mtaani ndio unakulisha, maana kesho jirani atataka meza yake ipigwe msasa, na wa pili atataka mlango.

Unataka kuanza? Usianze na mota. Anza na karatasi na rula, uchore, halafu uende kwa yule fundi wa kuwelda wa mtaa wenu na heshima zako, umwambie, "Mzee, nisaidie kuangalia hii." Wengi wao hawajawahi kuulizwa vizuri. Watakufundisha.