Usiache mbachao kabla ya kupiga hesabu

KIJANA aliyeajiriwa katika benki, wizara au shirika la umma jijini Nairobi anapoalikwa kujiunga na kampuni changa ya teknolojia, aghalabu huambiwa kwamba kinachohitajika ni ujasiri. Ushauri huo una walakini. Ujasiri si haba miongoni mwa vijana wetu. Kinachokosekana ni hesabu.

Wengi hutaja M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, kuwa kielelezo cha wazo dogo lililoleta utajiri. Wanachosahau ni kwamba huduma hiyo haikuzaliwa katika kampuni changa. Ililelewa na Safaricom, kampuni ambayo tayari ilikuwa na mtaji na mamilioni ya wateja.

Hali ya kampuni zisizo na mlezi wa aina hiyo ni tofauti kabisa. Kune, iliyokuwa ikiuza vyakula vilivyopikwa jijini Nairobi, ilifungwa Juni 2022, takriban mwaka mmoja baada ya kupata dola milioni 1 kutoka kwa wawekezaji. Sendy, iliyoshughulikia uchukuzi wa mizigo, ilisitisha huduma mwaka 2023. Nayo Copia, iliyowapelekea bidhaa wakazi wa mashambani kupitia kwa mawakala, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi Mei 2024.

Kampuni nyingi za aina hii hutegemea fedha za wawekezaji wa kigeni kabla ya kuanza kupata faida. Benki Kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha riba Machi 2022, fedha hizo ziliadimika kote duniani. Hivyo basi, mfanyakazi hodari anaweza kupoteza riziki kwa sababu zisizohusiana kamwe na bidii yake.

Sheria nayo ina funzo lake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kuwalipa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka waliokamilisha kazini. Anayejiuzulu kwa hiari hana dai hilo, hata awe ametumika kwa miaka kumi. Akifika kwa mwajiri mpya, hesabu huanza upya.

Zaidi ya hayo, mshahara wa Mkenya si wake peke yake. Kuna karo za wadogo zake na dawa za wazazi. Kuna pia mkopo wa Sacco, ambao hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Mshahara ukikoma, deni halikomi. Akiba yake isipotosha kulilipa, wanaoandamwa ni wadhamini, yaani wenzake aliowaacha ofisini. Huyo ameweka rehani jasho la watu ambao hawakuulizwa.

Je, vijana wabaki walipo? La hasha. Hata kazi zinazodhaniwa kuwa za kudumu hupunguzwa, na katika kampuni ndogo mtu hujifunza kwa mwaka mmoja kuuza, kuajiri na kusimamia fedha, mambo ambayo ofisini angeyangoja kwa muda mrefu.

Hata hivyo, kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu, na aulize: fedha zilizoko zitailipa mishahara ya kampuni kwa miezi mingapi? Je, hisa alizoahidiwa zimeandikwa kwenye mkataba, na zitakuwa zake lini? Mwanzilishi anayekerwa na maswali hayo amekwisha kuyajibu. Kisha alipe mkopo wake, au akubaliane na wadhamini, na aweke akiba ya kukimu familia kwa miezi kadhaa.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema mbachao ni mzuri. Ni mkeka uliochakaa. Walichotukumbusha ni kwamba msala unaopita una mwenyewe, naye anaweza kuukunja wakati wowote akaenda zake.